Ukimya wa Wakwe Kisimani

Kosa ambalo kurasa hizi zitalifichua halina adhabu katika sheria yoyote niliyowahi kuisoma. Hutendwa na watu waadilifu, mchana, mbele ya mashahidi, nao wakishalitenda hurudi nyumbani wakiamini wametimiza wajibu wao. Ni kosa la kuuhesabu ukimya wa mtu kuwa ridhaa yake. Nimeliona katika ndoa na katika mirathi, nimeliona kanisani na msikitini. Lakini mahali nilipolielewa ni katika Kamati ya Viwanja na Majengo ya halmashauri yetu, miaka ya mwanzo ya Uhuru, na mtu aliyenifanya nilielewe alilitenda kwanza yeye mwenyewe.

Tulimwita Mwenyekiti. Halmashauri ilikuwa na wenyeviti wengine, wa barabara, wa elimu, wa fedha, lakini mtu akitamka neno hilo sokoni bila kuongeza lolote, hakuna aliyeuliza ni yupi. Mimi nilikuwa karani wa kamati yake. Nilipokea maombi, nikayasoma mbele ya wajumbe, nikaandika muhtasari. Mji wetu ulikuwa kituo kidogo cha reli ya kati, si mbali na Itigi, pale ambapo kichaka husimama kama ukuta nyuma ya nyumba za mwisho. Kila aliyesikia kwamba nchi sasa ni yetu alitaka kujenga: huyu mgahawa karibu na stesheni, yule duka, mwingine banda la kukaushia ngozi, na wengi wao nyumba tu ya kulala, yenye bati na madirisha mawili mbele. Wote walipita kwetu.

Mwenyekiti alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye sauti ndogo ambayo iliwalazimisha watu kunyamaza ili waisikie. Sikumwona akicheka kikaoni. Alivaa koti moja la kaki, la baridi na la joto, na mfukoni mwake mlikuwa na kamba ya katani yenye mafundo, ambayo kwayo alipima kila kiwanja hata kama Bwana Ardhi alikwisha kukipima kwa mnyororo wa serikali. Bwana Ardhi alichukia jambo hilo. Siku moja alimwuliza kama haamini vipimo vya wataalamu.

"Naamini," alijibu Mwenyekiti. "Ila mwombaji akiniona nimeinama na kamba, atajua kwamba kiwanja chake nimekikanyaga. Akikataliwa, atakataliwa na mtu aliyefika."

Kufika, kwake, kulikuwa nusu ya hukumu. Ombi likisomwa ofisini, hakuruhusu mjumbe yeyote kutoa maoni. "Hayo tumeyasikia," alisema. "Sasa twendeni tukaone." Tulikwenda kwa miguu, wajumbe, Bwana Afya, na mimi na mafaili yangu, katika upepo ule wa Singida unaorusha mchanga machoni. Alipofika kwenye kiwanja alimwagiza mwombaji atembee mipaka yake yote, kigingi hadi kigingi, huku sisi tukimfuata. Kisha aliuliza maswali ambayo hayakuwamo katika fomu. Maji ya mvua yatapita wapi? Moshi utaelekea kwa nani? Jeneza likitoka nyumba ile ya nyuma, litapita wapi? Swali hili la mwisho liliwaudhi waombaji wengi, ambao walikuja na furaha ya kujenga, nao wakaulizwa habari za maiti ya jirani. Lakini mitaa iliyopangwa katika miaka yake ina njia pana hadi leo.

Hakunywa chai ya mwombaji. Alibeba maji yake katika chupa iliyovishwa gunia. Mama mmoja muuza pombe ya mtama, aliyekuja kuomba kuongeza chumba, alimkaribisha uji, akamkatalia. Mama akasema mbele yetu sote, "Mwenyekiti, uji wangu hauwezi kukununua, wewe ni ghali, na uji ni wa jana." Wajumbe waliangua kicheko. Yeye alifungua chupa yake, akanywa funda, akasema, "Andika, karani, kwamba mwombaji ni mkweli." Chumba alikipata.

Ndani ya kikao alikuwa na tabia moja iliyowatesa wajumbe. Hakukubali mtu aseme "naunga mkono" akanyamaza. Alitaka sababu, na sababu hiyo iandikwe, liwe ombi limekubaliwa au limekataliwa. Kulikuwa na diwani mmoja mzee ambaye alisinzia katika kila kikao na kuamka kila aliposikia kiti kikisogezwa.

"Naafiki!" alisema siku moja, akiinua mkono.

"Umeafiki lipi, mzee?"

"Hilo alilosema Mwenyekiti."

"Mwenyekiti hajasema kitu bado."

"Basi naafiki hilo atakalosema."

Mwenyekiti hakumkaripia. Alisimamisha kikao, akaomba faili lisomwe upya tangu mwanzo, kwa ajili ya mzee yule peke yake, nasi wengine tukakaa kimya tukisikiliza upana wa choo kwa mara ya pili. Tangu siku hiyo wajumbe walikuwa wakimfinya mzee kila alipofumba macho.

Mwenyekiti alimwogopa Mungu na aliwaogopa ndugu zake. Nadhani aliwaogopa ndugu zaidi, kwa kuwa walikuwa wengi na walikaa karibu. Mdogo wake alipoomba kiwanja cha bucha, Mwenyekiti alisimama, akasema, "Hili ni la nyumbani kwangu," akatoka nje. Hakuingia ofisi nyingine kujisitiri. Alikaa kwenye jiwe barazani, juani, ili kila apitaye amwone kwamba hayumo ndani. Kamati ilimnyima mdogo wake kiwanja kile, kwa sababu upepo ungepeleka nzi na harufu kwenye zahanati. Aliporudi kitini hakuuliza limeamuliwaje. Nilimpa muhtasari autie sahihi, akausoma, mkono wake ukatulia kidogo juu ya karatasi, akatia sahihi. Mdogo wake hakumsalimia kwa muda mrefu.

Nisimfanye malaika. Sheria ndogo ya mji wetu ilikataza tembe ndani ya mipaka ya mji, na yeye aliisimamia bila huruma. Bibi vizee waliotaka kuezeka upya nyumba zao za udongo, zile za paa bapa walizozaliwa ndani yake, aliwaambia watafute bati au wahamie nje ya mipaka. Wakati huohuo yeye alikaa katika tembe, mita chache nje ya mpaka huohuo. Nilipopata ujasiri wa kumwuliza, alisema kwamba bati hupiga kelele wakati wa mvua, naye hawezi kufikiri kwenye kelele. Hakuona hitilafu yoyote katika jibu hilo. Alikuwa pia mwepesi wa kuheshimu cheo cha umri na mzito wa kusikiliza sauti ya mwanamke kijana. Na zaidi ya yote alidharau alichokiita maneno ya jikoni. Pingamizi, kwake, lilikuwa neno la kusemwa kwenye kiwanja, mchana, mwombaji akisikia, ili mwombaji apate kujibu. Aliyekuja kwake baadaye kunong'ona alifukuzwa mlangoni. Katika hili alikuwa na haki, tena haki kubwa: nimeona halmashauri nyingine ambako watu waliangamizwa kwa minong'ono wasiyoijua. Lakini haki hiyohiyo ndiyo iliyomtia katika kosa.

Ombi lenyewe lilitoka kwa mzee wa asali. Alikuwa mtu mwema, na naomba msomaji asimtafutie ubaya. Alinunua asali na masega kutoka kwa warina asali wa kichakani, akachemsha nta, akapakia katika treni. Kazi hiyo alikuwa akiifanyia huko kichakani, mwendo wa nusu siku, na sasa alitaka kuileta mjini: ghala la asali na chumba cha kuchemshia nta. Kiwanja alichochagua kilikuwa karibu na stesheni, jambo la busara, na kilipakana na kisima cha mtaa wa mashariki. Kisima hicho kilikuwa peke yake upande ule. Maji ya kisima cha pili, nyuma ya reli, yalikuwa ya chumvi kiasi kwamba hata mbuzi waliyanusa kwanza.

Bila shaka lolote ombi lilistahili kusomwa kwa uzito, na lilisomwa hivyo. Tangazo lilibandikwa mahakamani na stesheni. Tulikwenda kwenye kiwanja, na majirani wakaitwa. Ilikuwa masika, kichaka kilikuwa na maua, hewa ilikuwa safi, na nyuki walikuwa na kazi zao huko mbali. Mwenyekiti alipima kwa kamba yake. Aliuliza habari za moshi, akajibiwa. Aliuliza habari za moto, akajibiwa. Kisha aliwageukia majirani, wanaume mbele, wanawake nyuma na ndoo zao, akauliza kwa sauti ile ndogo:

"Kuna mwenye pingamizi?"

Mzee wa asali alikuwa amesimama kando yake, kofia mkononi, akiwatazama. Hakuna aliyejibu. Aliuliza tena, polepole, ili asiseme mtu kwamba hakusikia. Wanawake walitazama chini. Wanaume walitazama reli.

"Karani, andika. Majirani wamekuwapo, wameulizwa, hawana pingamizi."

Nikaandika. Kamati ikapendekeza ombi likubaliwe, ikabaki kuthibitishwa na baraza zima la halmashauri mwishoni mwa msimu. Mzee wa asali hakungoja uthibitisho. Neno la Mwenyekiti lilimtosha, akaanza kufyatua matofali, na kuta zikapanda hadi usawa wa dirisha.

Sasa nieleze jambo ambalo kila mtu wa kwetu alilijua siku ile, Mwenyekiti akiwemo, na ambalo hata hivyo hakuna aliyelifikiria. Mzee wa asali alikuwa na watoto wengi, na watoto wake walikuwa wameoa na kuolewa katika mtaa uleule wa mashariki. Majirani wale karibu wote walikuwa wakwe zake. Kwetu mkwe hasimami mbele ya mkwe akampinga. Mke wa mwana hamtazami baba mkwe usoni, hatamki jina lake, hapitishi kivuli chake juu ya chakula chake. Na mwanamume naye humchukulia baba wa mkewe vivyo hivyo. Kumwuliza mtu wa namna hiyo, mbele ya mkwe wake aliyeshika kofia, kama ana pingamizi, ni sawa na kumziba mdomo kwa kiganja kisha kumwuliza kama ana njaa.

Aliyesema hivyo, kwa maneno yake mwenyewe, alikuwa mmoja wa wake wa wana wa mzee wa asali.

Nilikuwa kwenye tembe ya Mwenyekiti asubuhi hiyo, nimepeleka karatasi za kutiwa sahihi. Kiangazi kilikuwa kimeingia. Mwanamke kijana alifika na ndoo tupu kichwani, akaishusha nje ya ua, akapiga magoti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Una shida gani?"

"Ni lile ghala la baba mkwe. Sisi hatulitaki pale kisimani."

Uso wa Mwenyekiti ulikunjamana. "Wewe ulikuwapo siku ile?"

"Nilikuwapo."

"Niliuliza au sikuuliza?"

"Uliuliza, baba."

"Ukanyamaza. Na leo unakuja kusema jikoni kwangu. Hayo ni majungu, mwanangu. Rudi nyumbani."

Hakuinuka. "Baba, naomba nikuulize neno moja, kisha unifukuze. Baba wa mke wako alipokuwa hai, ungeweza kusimama mbele yake, watu wakiwapo, ukasema nyumba anayojenga ni mbaya?"

Mwenyekiti aliinamia karatasi zake.

"Basi sisi tungewezaje?"

"Kwa hiyo unataka nini? Nikusikilize wewe kwa siri, nimhukumu mzee kwa jambo asilolijua? Hilo sitalifanya. Hata ukija na mtaa mzima."

"Sitaki siri. Nataka asikie kila neno." Alijua anachokiomba na kitakachoweza kumfika nyumbani kwake. "Ninachoomba ni tusionane uso."

Alijitwika ndoo yake akaenda. Mwenyekiti alikaa na kalamu mkononi muda mrefu, karatasi zikiwa wazi mbele yake.

"Wewe una mkwe?" aliniuliza hatimaye.

"Bado, Mwenyekiti. Sijaoa."

"Basi huwezi kunisaidia." Akafunika kalamu. Sahihi sikuipata.

Siku chache baadaye alinituma nikawaite tena majirani wa kisima, wajumbe, Bwana Afya na mwombaji. Mzee wa asali alifika amekasirika, na hasira yake ilikuwa ya mtu aliyesalitiwa na rafiki, maana wale wawili walikuwa wakila pamoja sikukuu zote.

"Mlikwisha kuuliza," alisema.

"Tuliuliza vibaya," alijibu Mwenyekiti.

Kwa mtu yule, mbele ya kamati yake, maneno hayo yalikuwa mazito kuliko hotuba. Akamwomba mzee wa asali aingie ndani ya kuta zake mwenyewe, zile zisizo na paa, akae juu ya kigoda, na Bwana Afya akae naye awe shahidi. Ukuta ulimficha aliyekaa, lakini kila neno lililosemwa nje lilipita dirishani. Wakwe walisimama nje na kuupa ukuta mgongo, wakimwelekea Mwenyekiti. Haikuwa mila ya mtu yeyote. Aliibuni yeye, kutokana na ombi la yule mwanamke, na wazee walipoitazama hawakuona mahali ilipovunja heshima.

"Kuna mwenye pingamizi?"

Wanaume walitazama reli tena. Ndipo yule mwanamke akasema, macho yake yakiwa kwenye vumbi:

"Mimi ninalo. Niliolewa huko kichakani, nikaishi na nta kabla ya kuhamia mtaa huu. Kiangazi nyuki hawana maua wala maji. Masega yakichemshwa wanakuja kama mvua, na wakiona maji hawaondoki. Tulikuwa tunachota kabla ya kupambazuka, tukikutana na fisi njiani, kwa sababu jua likitoka kisima ni chao. Mlikuja kutazama kiwanja masika. Masika hata mimi ningekubali."

Minong'ono ikapita kati ya wajumbe. Yeye akaendelea: "Punda wa jirani alifungwa karibu na kisima mchana. Walimwua."

Kutoka ndani ya kuta ikasikika sauti: "Yule punda alikuwa mgonjwa!"

Mwenyekiti akasema kwa upole, kama mkalimani mahakamani, "Mwombaji anasema punda alikuwa mgonjwa."

"Mwambieni baba, kwa heshima zote," alisema mwanamke, "kwamba mgonjwa hakati kamba ya ngozi akakimbia hadi bondeni."

Wanawake waliziba midomo kwa khanga, lakini kicheko kiliponyoka, na baada ya kicheko hicho ndimi zikafunguka. Mmoja aliuliza watoto wa shule watakunywa maji gani. Mwingine alisema mama yake ni kipofu, hataweza kukimbia nyuki. Mwanamume mmoja, mume wa binti wa mzee wa asali, alitamka kwa taabu kama mtu anayetoa mwiba, "Hata sisi. Ng'ombe pia." Kila neno Mwenyekiti alilirudia mbele ya dirisha, na baada ya kila neno alingoja.

Mwishowe aliuliza: "Mwombaji ana jibu?"

Ndani kigoda kilisikika kikisogezwa. Kisha mzee wa asali akasema, na sauti yake haikuwa na hasira tena, "Andikeni kwamba sina jibu. Ila andikeni pia kwamba kuta hizi nimezijenga kwa neno la Mwenyekiti."

"Iandikwe," alisema Mwenyekiti. "Ni kweli."

Kamati ilifuta pendekezo lake, na sababu zikaandikwa wazi: kisima ni kimoja, na nyuki wa kiangazi hawawezi kuzuiwa. Mwombaji alitengewa kiwanja ng'ambo ya reli, mbali na maji, na halmashauri ikabeba matofali yake kwa gari la idara ya barabara. Tangu hapo, kama nilivyosimuliwa baadaye, katika kila ombi Mwenyekiti aliuliza kwanza nani ni mkwe wa nani, na mahali palipokuwa na ukwe alitafuta ukuta, au mkeka uliotundikwa, au hata mgongo wa lori. Waliomcheka kwa hilo walimwita Mwenyekiti wa Mapazia. Hakujali. Nami niliondoka mji ule muda mfupi baada ya kesi hiyo, nikahamishiwa kwingine, nikiwa na hakika kwamba nimeona haki ikitendeka hadi mwisho.

Nilimwona mara ya mwisho Kinampanda, kwa binti yake, miaka mingi baadaye. Halmashauri za namna yetu zilikuwa zimekwisha kuvunjwa, na nchi nzima ilikuwa katika kazi ya vijiji vya ujamaa. Mimi nilikuwa katika elimu ya watu wazima, nikizunguka Iramba na vitabu kwenye baiskeli. Alikuwa amezeeka vibaya. Magoti yalikuwa yamekataa kumchukua, naye alikaa barazani siku nzima, miguu kwenye ngozi ya mbuzi, akitazama vijana wakipigilia vigingi vya viwanja vipya katika mstari ulionyooka.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba. Umeoa?"

"Nimeoa."

"Una mkwe sasa. Kaa basi, tunaweza kuzungumza."

Tulizungumza habari za mvua na za uwele. Kisha nikamwambia kwamba katika mikutano ya kijiji, nilipopata nafasi, niliwaeleza viongozi ule mtindo wake wa ukutani, na kwamba watu wanausifu na kumsifu yeye. Nilidhani nimempa zawadi. Uso wake ulikunjamana kama nilivyouona ukikunjamana zamani.

"Wewe ulihamishwa," alisema. "Hukuona kilichofuata."

Ndipo akanieleza. Jioni ileile ya kikao cha pili, watu wa nyumba ya mzee wa asali walikutana. Walisema ukuta ulificha uso tu, sauti haikufichika, na mke wa mwana amemfanya baba mkwe kichekesho mbele ya mtaa. Mzee wa asali hakuweza tena kula chakula kilichopikwa na mkono wake. Wakamrudisha kwao, bondeni huko njia ya Misigiri, watoto wakabaki. Mumewe alilia, lakini hakusema neno, kwa kuwa naye alikuwa mbele ya baba yake.

"Kisima kilipona," alisema Mwenyekiti, "na yeye akawa nje ya nyumba yake. Mimi watu walinipongeza sokoni."

"Ukafanya nini?"

"Nikaenda kuomba." Alitamka neno hilo kwa uzito wa mtu ambaye maisha yake yote ameombwa. "Nilikwenda kwa mzee wa asali, nikakaa uani. Waliniacha juani hadi mbuzi waliporudi malishoni. Nilistahili. Nilipoitwa, nikasema kwamba kosa ni langu: mimi ndiye niliyewauliza wakwe mbele ya mkwe, na kama ningeuliza vizuri siku ya kwanza, mtoto yule asingelazimika kunifundisha. Rafiki yangu akanitazama. Akasema, 'Umeninyima kiwanja, na sasa unataka nikupe na mkwe?'"

"Ukajibu nini?"

"Aliyejibu ni mkewe, toka jikoni. Akasema, 'Maji mnayokunywa hapo nimeyachota mimi leo, mchana, na sikuumwa na nyuki hata mmoja. Mrudisheni mtoto, la sivyo kesho mtakwenda kuchota wenyewe.' Wazee wakacheka, hata yeye akacheka kidogo. Wakakubali."

Kigingi kiligongwa mahali fulani ng'ambo ya barabara.

"Nikamfuata mwenyewe hadi kwao. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi ya kumwomba radhi, njia nzima nikiyapanga. Nilipofika alikuwa akipeta mtama. Hakuningoja nimalize hata salamu. Akaniuliza, 'Kisima kipo?' Nikamwambia kipo. Akaweka ungo chini, akasema, 'Basi twende.'"

Nilikuwa nimesoma vitabu vingi juu ya ushujaa, na sikukumbuka hata kimoja.

"Katika muhtasari ule," aliuliza, "wewe uliandika nini?"

"Niliandika: mwanamke mmoja, mkazi wa mtaa huo, alitoa pingamizi."

"Nami nikatia sahihi." Alinyoosha mkono, akashika kifundo cha mkono wangu kwa nguvu ambayo sikuitegemea kwa mzee yule. "Unapenda kuandika. Siku ukiyaandika haya, mimi niache hivyohivyo, Mwenyekiti. Yatosha, nimesifiwa kupita kiasi. Yeye mtaje."

Nilimwahidi. Jina lake ni Rahabu Kitundu.